Daftari la Spika ya Kushoto

2 Machi
Mume wangu amenikabidhi daftari hili kabla hata ya kufungua boksi. "Andika tarehe na kasoro," akasema. "Duka limetupa miezi mitatu ya kurudisha. Maneno ya mdomo hayana uzito dukani." Nikamuuliza kama kasoro zipo tayari. Akasema zipo, kila mashine inazo, kazi ni kuzikuta kabla siku hazijaisha. Ndivyo alivyo. Miaka ishirini na sita amekaa chumba cha mitambo redioni akichanganya sauti za vipindi, na hajawahi kukutana na mashine aliyoiamini siku ya kwanza. Mimi mwenyewe alinichunguza miaka miwili kabla ya kunioa.

Basi naandika. Inaitwa risiva. Kazi yake ni kupokea sauti ya runinga na kuigawa: spika mbili za mbele, moja ya katikati, mbili nyuma ya kochi, na sabufa ya kutetemesha vikombe kabatini. Si ya bei ya juu wala si ya kutupwa. Amekuwa akiisema tangu mwaka juzi kama mtu anavyomsema mchumba.

Na kwa kuwa kalamu ni yangu, nitaandika na ya kwangu. Yeye hasomi ninachoandika. Anachotaka ni kuniona naandika.

3 Machi
Amekuja fundi wa duka kuifunga. Mume wangu angeweza kuifunga mwenyewe huku amefumba macho, lakini asipofunga wa duka dhamana inakufa. Ni bwana wa makamo, mpole, mwenye bisibisi tatu kwenye mfuko wa shati. Nimempa jina la Bisibisi.

Kuna kimaikrofoni kimekuja na mashine, kikubwa kidogo tu kuliko kastabini yangu. Bisibisi alikisimamisha kwenye kiti cha mume wangu, usawa wa masikio, akatuomba tunyamaze. Mashine ikapiga mbinja kutoka spika hadi spika, kisha ikaandika kwenye runinga kila moja iko umbali gani na sauti yake ina kiwango gani. Kushoto sifuri, kulia sifuri, maana yake zinalingana. Nikachukua futi yangu ya kushonea, nikapima na mimi. Zote sawa isipokuwa sabufa: mashine inasema mita nne na ushee, futi yangu inasema mita tatu kasoro. Nikasema kasoro ya kwanza hiyo, naandika. Wakanicheka wote wawili.

"Haiko mbali," mume wangu akanieleza. "Inachelewa kuitika. Mashine haioni, inasikiliza tu, kwa hiyo anayechelewa kuitika inamhesabu yuko mbali."

Jioni akaniketisha kwenye kiti chake. Hii ni desturi yetu tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Akimaliza kazi anayoipenda huileta nyumbani, mimi nafumba macho, nasikiliza mpaka mwisho, kisha nasema "imekaa" au "haijakaa". Basi. Huniuliza mara moja tu, na nikishajibu habishi. Kazini amebishana na wakuu watatu wa kitengo, nyumbani habishi.

"Fundi, unasemaje?" Humu ndani kila mtu ni Fundi, yeye wa sauti, mimi wa nguo.
"Imekaa, Fundi."

9 Machi
Mvua zimeanza. Amesogeza kochi, kwa hiyo imebidi kupima upya, runinga ikaandika kwamba kelele zimezidi. Ni mabati. Kasoro: haipimi mvua ikinyesha. Nikamwambia hata mimi simsikii mtu mvua ikinyesha. Akasema andika.

12 Machi
Rimoti ina vitufe hamsini na viwili, nimevihesabu. Tunatumia vinne.

15 Machi
Inapata joto sana juu. Nimeweka kola mbili za mteja zikauke, maana kwa mvua hizi hakuna kinachokauka. Nimefokewa. Ati mashine inahitaji kupumua. Kola zimekauka lakini.

19 Machi
Sifa lazima nayo iandikwe, tusije tukaonekana wanafiki. Ile spika ya katikati ni kitu. Kwa mara ya kwanza nimeelewa watu wa kwenye filamu wananong'ona nini.

Mume wangu ananinunia. Mezani nimemwomba chumvi mara tatu, anatazama sahani. Nimeinuka nikaichukua mwenyewe, akashangaa, "Si ungeniambia?" Sijui nimemkosea nini.

22 Machi
Anasema kushoto hafifu. Ameipandisha sauti namba moja kwa rimoti.

27 Machi
Amerudi amefura. Mkuu wa kitengo amemrudishia kipindi, ati sauti imeegemea kushoto. Yeye anasema visikizio vya mkuu vimekufa upande mmoja. Hakuvua hata viatu. Akawasha risiva, akaniweka kwenye kiti.

"Fumba macho, Fundi. Kushoto hafifu au si hafifu?"

Zilikuwa sawa. Kama kuna iliyozidi, ni hiyo hiyo ya kushoto. Nilikuwa nimefumba macho lakini nilimsikia anavyopumua, pumzi fupi fupi, za mtu anayengoja jibu la mtihani. Nikasema, "Ndiyo. Kushoto hafifu kidogo."

Akashusha pumzi. Akaongeza ikawa mbili, akaniambia niandike, nimeandika. Kisha akavua viatu na akala vizuri.

Kwenye kile kiti nilikuwa sijawahi kumdanganya. Rekodi ya harusi ya dada yake nilimwambia haijakaa, na dada yake hakunisemesha mwezi mzima. Lakini haya ni mambo ya spika tu. Mtu akirudi amechoka humpi na wewe ngumi yako.

2 Aprili
Mvua.

5 Aprili
Mimi ndiye ninayekaa upande wa kushoto wa kochi, na spika hiyo sasa inanifokea mimi. Ameifikisha tatu. Nimeweka pamba sikioni nikajitia naumwa jino.

Bado hanisemeshi mpaka nimguse bega.

11 Aprili
Bisibisi ameitwa. Amepima mara mbili, akasubiri mvua ipungue akapima ya tatu, na kila kipimo kinafuta yote aliyoongeza mume wangu. Sawa kwa sawa. Mume wangu akamwambia, kwa ile sauti yake ya chini inayotisha kuliko kelele: "Mashine yako inasema sawa. Masikio yangu yanasema si sawa. Masikio haya yamenilisha miaka ishirini na sita. Nimwamini nani?"

"Mzee, mimi nasema kilichopimwa."

"Muulize mke wangu."

Bisibisi akageuka. Nilikuwa mlangoni na sindano mdomoni. Nikaitoa, nikasema, "Hata mimi nasikia hivyo." Alinitazama kidogo tu, kisha akaanza kufungua nyaya. Ameibeba risiva kwenda nayo dukani.

Nimejishonea kidole leo. Haijanitokea tangu nilipokuwa najifunza.

14 Aprili
Nyumba kimya bila mashine. Nimesimulia kisa kizima cha mteja aliyetaka gauni la kubana huku ana mimba ya miezi mitano. Mwishoni akasema, "Mvua hii haikatiki."

Nilikuwa nimekaa kushoto kwake. Naandika hili kwa sababu baadaye nitataka kukumbuka kwamba niliona na sikuona.

19 Aprili
Imerudi. Wamebadilisha bodi ya ndani. Bisibisi amepima: sawa kwa sawa. Kabla hajafika getini mume wangu ameshaongeza tatu na nusu.

25 Aprili
Leo lazima niandike sana.

Amekuwa na siku ya mapumziko na ameamua kuikamata kasoro kwa mkono wake. Njia yake anaijua kila fundi: badilisha nafasi. Spika ya kushoto iende kulia, ya kulia ije kushoto. Kasoro ikihama na spika, spika ndiyo mbovu. Mimi nikashika tochi.

Akabadilisha, akakaa kitini. "Bado ni kushoto." Haikuhama.

Basi ni waya, akasema. Akabadilisha nyaya. Bado ni kushoto. Basi ni tundu la mashine. Akabadilisha hata huko nyuma, sauti ya kulia itokee kushoto. Akakaa, akasikiliza, jasho linamtoka na baridi yote hii. Bado ni kushoto.

Nilimwangalia. Huyu ni mtu ambaye akisikia redio ya jirani inapita ukutani anakuambia kuna skrubu imelegea. Amewafundisha wenzake hesabu hii hii: umebadilisha vyote na kasoro imebaki palepale, basi kuna kitu kimoja hujakibadilisha. Nilimwona akiisogelea hiyo hesabu. Macho yalimsimama. Kisha akainuka akalishika pazia.

"Ni hili pazia lako. Zito mno. Linameza sauti."

"Pazia limekuwepo miaka sita."

"Lishushe."

Tukagombana kuhusu pazia. Nimelishusha, jirani sasa anatuona tukila. Anasema afadhali kidogo, lakini ameongeza ikawa tano.

26 Aprili
Amekuja yule mteja wangu wa siku nyingi, mama wa duka la vitabu, na koti nililomshonea kabla hajaugua. Anasema nililikata vibaya, bega moja linaning'inia. Nimempima, bega lake la kulia limeshuka karibu inchi nzima. Nimeshika futi mkononi na sikumwambia. Nilisema, "Lete nikurekebishie." Watu wote wako hivyo. Mwili ukibadilika, wa kulaumiwa ni koti.

Nilipokuwa nafumua lile bega ndipo nilipokubali kulifikiri jambo lenyewe kwa maneno. Si spika. Si mashine. Ni sikio lake la kushoto.

Hakuninunia. Chumvi hakuisikia. Habari zangu zote za tangu Machi limeambiwa sikio lisilosikia, kwa sababu mezani nakaa kushoto, kochini kushoto, kitandani kushoto. Na mimi niliyemwambia kweli miaka ishirini na mitatu nimeungana na sikio bovu nikalitolea ushahidi.

Kwa nini sisemi? Kwa sababu naogopa. Fundi wa sauti asiyesikia upande mmoja watampa kazi gani? Na kwa sababu nikisema leo, ataniuliza na ile Machi ilikuwaje.

30 Aprili
Wifi yangu amekuja kushinda. Alikaa kulia kwa kaka yake na wamecheka mpaka machozi. Nilikuwa jikoni nikiwasikia, na ingawa sasa najua sababu, wivu ulinishika vilevile.

Alipokuja kunisaidia vyombo akaninong'oneza, "Wifi, mbona kaka mbali hivi na wewe? Chunguza. Wanaume wa umri huu wana mambo."

"Hana mtu nje, wifi. Ana risiva."

"Heri angekuwa na mtu," akasema. "Mtu unaweza kumfukuza."

9 Mei
Simu amehamishia sikio la kulia. Anasema upande ule mtandao unasumbua.

10 Mei
Mvua. Sita.

13 Mei
Yametokea. Kipindi cha moja kwa moja cha asubuhi, yeye kwenye mitambo. Nilikuwa nakisikiliza nikikata shati. Mtangazaji alikuwa kushoto anaunguruma, na mgeni wake, aliyewekwa kulia, anasikika kama yuko nyumba ya tatu. Nikasimama na mkasi mkononi. Wasikilizaji wakapiga simu, na ubaya ni kwamba simu zao nazo zilipita hewani.

Amerudi saa sita mchana. Mkuu wa kitengo amempa mapumziko hadi mwisho wa mwezi, kisha watazungumza. Alipofungua mdomo alasiri alikuwa ameshapata wa kumbebesha.

"Yule fundi wa duka ameiharibu mashine, na mashine imeniharibia usikivu wangu. Miezi miwili nasikiliza kitu kilichopinda, kazini lazima nipinde. Namwandikia mwenye duka. Nipe daftari."

Moyo ulinidunda mpaka nikaona atausikia, kisha nikakumbuka nimesimama upande gani. Nikazunguka nikaenda kulia kwake. "Daftari lina madoa ya mafuta ya cherehani," nikasema. "Ngoja nikunakilie karatasi safi."

14 Mei
Nimenakili. Tarehe na kasoro tu, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule. "27 Machi: kushoto hafifu, mke amethibitisha." "11 Aprili: mke amethibitisha." Chini akaniambia nitie sahihi, nikatia. Amekwenda nayo dukani chini ya mwavuli, ameikunja ndani ya shati isilowe.

16 Mei
Bisibisi amekuja mchana, mume wangu akiwa ametoka. Hakuwa na bisibisi mfukoni. Alisimama barazani anachuruzika maji, nikamwambia aingie, akaingia mpaka hapo penye cherehani na akakataa kuketi.

"Mama, mwenye duka amenisimamisha mpaka waamue. Ameniwekea mbele ile karatasi yenu. Sikuja kugombana."

"Najua."

"Nimekuja kuuliza jambo moja tu. Siku ile mlangoni, wewe kwa masikio yako, ulisikia nini?"

Nilikuwa na sababu zangu zote nimezipanga, na sikuitumia hata moja. "Zilikuwa sawa," nikasema. "Siku ile, na siku zote za mwanzo. Sasa kushoto kunafoka."

Nilitegemea anikasirikie, ningefurahi angenikasirikia. Akasema tu, "Basi si risiva, mama. Mpelekeni mzee kwa daktari wa masikio. Mimi kazi nitapata, hata kama si hapo." Akatoka na mvua ile ile. Sikumpa hata taulo.

17 Mei
Nimemwambia leo, ingawa si kwa maneno. Maneno yangeishia kwenye lawama za pazia tena.

Asubuhi mvua ilikuwa imepumzika. Alikuwa kwenye kiti chake, anachezea rimoti, kushoto iko saba. Nikazima spika za nyuma kama alivyonifundisha, nikaweka muziki ule anaoupimia mashine zote.

"Fundi," nikamwambia, "kuna kitu kimoja hujakibadilisha."

"Kipi?"

"Geuza kiti. Ipe runinga mgongo."

Alinitazama. Nafikiri alielewa hapo hapo, kabla hajainuka, kwa sababu aliinuka polepole mno. Alikigeuza kiti akakaa akitazama ukuta wa picha za harusi yetu. Sasa sikio la kulia liko upande wa ile spika aliyoiita dhaifu miezi miwili, na sikio la kushoto upande wa ile nzima.

Aliruka. Spika dhaifu ilimpiga sikioni akainua mkono kujikinga. Kisha akakaa tena, akainamisha kichwa upande wa pili, akitafuta ile spika nzima, ile ambayo hajawahi kuilalamikia. Alitafuta muda mrefu. Aliziba sikio la kulia kwa kiganja, akafungua, akaziba. Muziki ukaisha, ukaanza mwingine asioupenda, na hakuuzima.

Nikakaa sakafuni mbele yake, upande wa kulia. Machozi yalikuwa yananitoka mimi, yeye hapana.

"Tangu lini unajua?" akauliza.

"Tangu mlipo... tangu ulipobadilisha spika. Aprili."

Ni kweli, na si kweli. Kujua nilijua Aprili. Kusikia nilisikia Machi.

20 Mei
Hospitali ya masikio. Wamemwingiza kwenye kibanda kidogo cha kioo wakamvalisha visikizio, na kwa mara ya kwanza maishani nikamwona upande wa pili wa kioo, yeye ndiye anayepimwa. Kila akisikia mlio anabonyeza kitufe. Upande wa kulia alibonyeza kama mpiga taipu. Upande wa kushoto kidole kilikaa juu ya kitufe kinangoja.

Daktari ni mama wa umri wangu, haongei sana. Akauliza, "Ilianza lini?"

"Wiki mbili, tatu hivi," mume wangu akasema.

"Ni muhimu. Kuna usikivu unaopotea taratibu kwa miaka na kuna huu unaokimbia. Nataka kujua umekimbia kwa mwendo gani."

Daftari lilikuwa kwenye mkoba wangu. Ningeweza kumtajia tarehe kwa mdomo. Lakini maneno ya mdomo hayana uzito, ndivyo tulivyoanza. Nikalitoa, nikaliweka mezani likiwa wazi, lote, pamoja na ya kwangu.

Daktari aliweka kidole kwenye tarehe. Tarehe 22 Machi, moja. Tarehe 27, mbili. Aprili 5, tatu. Tatu na nusu, tano, sita, saba. Akachora vidoti kwenye karatasi yake na kuviunganisha, mstari ukapanda. "Sijawahi kupata mgonjwa mwenye rekodi kama hii," akasema. "Kila alichoongeza kwenye spika ndicho kilichopungua kwake." Akaeleza kwamba mwili wenyewe unalishambulia sikio, kwamba zipo dawa za kuuzuia, ataanza leo. Kilichobaki huenda kikashikika. Kilichokwenda, hawezi kuahidi.

"Dawa hizi zina nguvu wiki za mwanzo," akasema. "Mngekuja Machi..." Alikuwa anasoma huku anaongea. Nilimwona macho yakifika pale penye tarehe 27, yakasimama. Hakumaliza sentensi. Alilifunga daftari akanirudishia, na mume wangu akanyoosha mkono akalipokea yeye.

Alilisoma lote kwenye benchi la dirisha la dawa. Mimi nilishika karatasi ya namba yetu. Namba ikaitwa, nikaenda, nikarudi na dawa, na alikuwa bado anasoma. Njia nzima alilishika kwapani.

21 Mei
Daftari nimelikuta juu ya cherehani. Hajasema.

22 Mei
Mvua. Amekunywa dawa. Hajasema.

23 Mei
Hajasema.

24 Mei
Nimemwomba radhi nikiwa upande wa kulia, ili isije ikasemwa hakusikia. Akaitika kwa kichwa kwamba amesikia.

26 Mei
Risiva haijawashwa tangu siku ya kiti. Ina vumbi. Nimeifuta kwa kitambaa cha pamba, nikaona nimeibembeleza kama mgonjwa. Ningekuwa na uwezo wa kumpa sikio langu ningempa, nasema hivi nikijua ni rahisi kusema.

27 Mei
Amekwenda dukani peke yake, hakuniambia kwa nini. Jioni Bisibisi amenipigia. "Mama, mzee amekuja. Ameichana ile karatasi mbele ya mwenye duka, kisha akaomba radhi mbele ya watu wote, mpaka mimi nikaona haya. Kesho naanza kazi." Nikamuuliza Bisibisi mume wangu alisema nini kuhusu mimi. Akajibu, "Alisema shahidi wake alikosea kwa kumpenda."

Nimekaa jikoni mpaka chakula kikaungua.

28 Mei
Mvua ya kukohoa tu.

29 Mei
Mezani amechukua sahani yake akahamia upande wa pili. Nikajua ndiyo hivyo, ameamua kukaa mbali nami. Nikameza tonge kwa shida. Kisha nikaona kiti alichokichagua kinaniweka mimi kulia kwake.

"Nipitishie chumvi," nikasema.

Akanipitishia.

30 Mei
Amezungumza na mkuu wa kitengo. Kuchanganya vipindi basi, angalau kwa sasa. Atakuwa upande wa kutengeneza mitambo. "Nitakuwa na bisibisi mfukoni," akaniambia. Hakucheka, ila amesema, na ameniambia mimi.

Kipimo cha pili: sikio halijarudi, ila halijashuka tena. Limesimama.

1 Juni
Kesho ni siku ya mwisho ya kurudisha. Jua limewaka tangu asubuhi, mabati yamenyamaza, nimelitundika pazia langu mahali pake.

Akasema tupime. Alikisimamisha kile kimaikrofoni kwenye kiti mwenyewe, tukatoka nje tukasimama barazani kama watoto waliofukuzwa, mbinja zinapita ndani kutoka spika hadi spika. Tuliporudi, runinga ilikuwa imeandika: kushoto sifuri, kulia sifuri. Akaitazama sana ile sifuri. Kidole kilikuwa juu ya rimoti, na naijua njia ya kile kidole. Akaiweka rimoti chini.

"Andika," akasema. "Inapata joto. Rimoti haina maana. Haipimi mvua ikinyesha. Mengine yote, kwa bei yake, hakuna ya kuishinda. Inabaki."

Nimeandika.

Kisha akaniketisha kwenye kiti chake, akaweka muziki wake wa kupimia. Yeye akakaa sakafuni, kushoto kwangu, sikio lake zima limenielekea. Nikafumba macho, nikasikiliza mpaka mwisho.

"Fundi, unasemaje?"

"Imekaa."

Miaka ishirini na mitatu hajawahi kuniuliza mara ya pili.

"Kweli?" akauliza.

"Kweli."